Msindikizaji wa Mkurugenzi

Kwenye meza ya usajili beji mia nne zilikuwa zimepangwa kama karata, na yangu niliiona kabla sijaambiwa niitafute. Uongo uliouandika kwa mkono wako unautambua hata ukiwa mbali. Chini ya jina la kampuni yetu palikuwa na neno moja kwa herufi nene: MKURUGENZI. Pembeni yake, kwenye kamba ya waridi badala ya buluu, ililala beji ya shangazi yangu. Ya kwake ilisema: MSINDIKIZAJI WA MKURUGENZI.

Shangazi akavaa miwani. Akasoma yake, akasoma yangu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akavaa tena na kusoma upya, taratibu, kama mtu anayempa mwizi nafasi ya kurudisha alichochukua.

"Baba," akaniita, kama mashangazi wanavyowaita watoto wa kaka zao wanapotaka kuwabembeleza au kuwamaliza. "Hapa nani anamsindikiza nani?"

"Ni kompyuta, Shangazi."

"Kompyuta ndiyo iliyokuajiri?"

Aliyenitafutia ajira alikuwa yeye. Kwa cheo changu cha kweli mimi ni msaidizi wa karani wa usambazaji katika bohari ya mitungi ya oksijeni, na karani mwenyewe ni Shangazi. Lakini fomu ya kujiandikisha kwa mkutano huu wa mwaka wa watumiaji wa programu yetu haikukuruhusu kuandika cheo. Ilikupa orodha uchague: mkurugenzi, meneja, mshauri, msindikizaji. Karani hakuwamo. Msaidizi wa karani, hata usiulize. Ukichagua meneja au mshauri, fomu inakuomba upakie cheti cha taaluma. Ukichagua mkurugenzi haikuombi kitu. Mtu mwenye akili timamu angepiga simu akauliza. Mimi niliuona uso wangu ukinitazama kutoka kwenye skrini, nikaona kwa mbali unafanana na ukurugenzi, nikabonyeza. Nilipofika kwa Shangazi fomu ikagoma kupokea wakurugenzi wawili kutoka kampuni moja, na cheti yeye hana, basi nikambonyezea kilichobaki. Nikajiambia, ni beji tu, nani husoma beji?

Asubuhi ile watu mia nne hawakuwa na kazi nyingine ila kusoma beji.

Niseme na habari ya cheti changu, maana wengi huuliza. Nilisoma stashahada ya kompyuta hadi katikati. Nusu niliyoimaliza ni ile ya kuwasha; ya kuzima sikuifikia. Kazini Shangazi ananiita Profesa Nusu, na madereva wameliokota jina hilo na kulisambaza kwa kasi kuliko wanavyosambaza mitungi.

Sasa tulifuata nini kwenye ukumbi wenye baridi ya kuhifadhia nyama? Tulifuata kisanduku.

Shangazi aliingia kwenye bohari ile miaka ishirini na tisa iliyopita, enzi ambazo kila hospitali ilikuwa na kadi yake ndani ya sanduku la mbao. Mbele ya kadi uliandika jina, anwani na idadi ya mitungi. Nyuma ya kadi hapakuwa na kitu, na hapo nyuma ndipo Shangazi alipoanza kuandika mambo ambayo hakuna aliyemtuma kuyaandika: mlango upi unafunguka, lifti ipi inasema uongo, nani hupokea mzigo kwa moyo na nani kwa kinyongo. Miaka kumi na moja iliyopita ilipokuja programu, kila kitu kilipata nafasi yake kwenye skrini ila ule mgongo wa kadi. Akatafuta siku tatu. Mwishowe, chini kabisa, mahali ambapo hata aliyeitengeneza programu nadhani alikuwa ameshachoka, akakuta kisanduku kimeandikwa "Maelezo Mengine". Akahamia humo na vyote alivyokuwa navyo. Leo tunahudumia hospitali na zahanati mia tatu na kumi na mbili, na kila moja ina maelezo mengine ambayo, ukweli mtupu, ndiyo maelezo yenyewe.

Mwezi mmoja kabla ya mkutano, kampuni ya programu ikatuma waraka. Toleo jipya linakuja, jepesi na safi. Vitu visivyotumiwa na wengi vitaondolewa, na watumiaji wenyewe ndio watakaochagua mkutanoni. Kwenye orodha ya vinavyopendekezwa kuondolewa, namba saba, kilikuwapo chenyewe: Maelezo Mengine.

Na Shangazi anastaafu mwisho wa mwaka. Bosi alikwisha kutangaza kwamba kiti chake nitakikalia mimi, na hospitali hazikulalamika, kwa kuwa bado hazikuwa zimenifahamu.

"Nikuambie kitu," Shangazi aliniambia siku tuliyousoma waraka ule. "Sikuachii kiti. Kiti ni mbao na sponji. Nakuachia kisanduku. Wakikifuta, nimekuachia sponji."

Bosi akakubali twende wawili. Njia nzima Shangazi alinifundisha la kusema, kama anayemtuma mtoto chumvi dukani. "Ukipewa nafasi, sema neno moja tu: kisanduku kibaki, kinatumika. Mengine yote kula, kunywa, piga picha. Ila hilo moja lisianguke njiani."

"Halitaanguka, Shangazi."

Halikuanguka. Nililitupa.

Ilianza hivi. Tukiwa bado pale mezani alikuja binti mwenye orodha, akatutenganisha kwa tabasamu. "Wakurugenzi ghorofa ya nne, chumba cha maamuzi. Wasindikizaji chini kwenye jiko la mafunzo, kuna darasa la kupamba keki."

"Nikapambe keki?" Shangazi akaniuliza mimi, si binti.

"Nitasema mimi. Neno moja tu, si umenifundisha?"

"Haya, mkurugenzi," akasema, akageuka na kamba yake ya waridi, akashuka ngazi pamoja na wake wa watu.

Chumba cha maamuzi kilikuwa na ukuta wa kioo na viti vya kuzunguka. Mimi na viti vya kuzunguka hatukuwahi kukutana. Ilipofika zamu yangu ya kujitambulisha nilisukuma mguu kidogo ili nikae kikubwa, kiti kikanigeuza, nikajikuta najitambulisha kwa ukuta. Wakurugenzi wengine kumi na mmoja wakangoja nirudi.

"Unaongoza watu wangapi?" akaniuliza aliyekaa kando yangu, mkurugenzi wa kampuni ya matairi, mtu mnene wa sauti mwenye saa kubwa kuliko ile ya ukutani kwetu.

Nikahesabu moyoni. Madereva hawanisikilizi. Mlinzi ananidai salamu. Paka wa bohari nikimwita anaondoka. "Tuko wachache," nikasema, "lakini wepesi."

"Hiyo ndiyo siri!" akasema, akanipiga begani nikasogea na kiti changu nusu mita.

Kijana wa kampuni ya programu, ambaye kazi yake yote ilikuwa kugawa stika, akatupa kila mmoja stika sita nyekundu. Ukutani palibandikwa karatasi kubwa, kila moja na kitu kimoja kinachopendekezwa kuondolewa. Kitu ukikiona mzigo, unakibandika stika. Na juu ya kila stika uandike jina la kampuni yako, akasema, kwa ajili ya uwajibikaji. Neno hilo nililipenda sana wakati ule.

Tukapita karatasi moja baada ya nyingine. Zile sita za kwanza nilizitazama kama mtu anayejua, mikono mgongoni, na nikabandika tano kwa kufuata mkono wa mkurugenzi wa matairi. Kisha tukafika ya saba.

"Hiki," akasema Bwana Stika, "ni kisanduku cha Maelezo Mengine. Kati ya kampuni mia nne, tisa tu ndizo zinazokitumia."

"Hizo tisa," akasema mkurugenzi wa matairi, "ni wale ambao bado wanaandika kwenye kiganja."

Chumba kikacheka. Nami nikacheka. Tena nisijipunguzie: nilikuwa wa kwanza, nilicheka kabla hajamaliza sentensi.

Akanigeukia. "Wewe ndiye kijana kati yetu, kizazi kipya. Unasemaje?"

Nyuso kumi na moja. Nilikuwa nalo lile neno mdomoni, zima, kama pipi ambayo bado haijaanza kuyeyuka. Kisanduku kibaki, kinatumika. Ni maneno matatu tu, mtoto wa chekechea angeyasema huku anafunga viatu. Lakini nikiyasema wataniuliza nani anakitumia, nikisema karani wataniuliza karani yuko wapi, nikisema anapamba keki... Mnaona tulipokuwa tunaelekea. Nikakohoa, nikasimama, nikarekebisha beji.

"Lazima," nikasema, "tuwe na ujasiri wa kuachana na ya kale."

Wakapiga makofi. Makofi ya wakurugenzi si mengi, ila yana uzito, na mimi nilikuwa sijawahi kupigiwa makofi na mtu aliyeshiba. Nikaichukua stika yangu ya sita, nikaandika jina la kampuni yetu kwa mwandiko ambao ghafla ulikuwa mzuri, nikaibandika katikati kabisa ya karatasi. Zikawa kumi na mbili, zote nyekundu. Karatasi ile ilionekana kama mtoto mwenye surua.

Saa ya chakula Shangazi alipanda kutoka chini akiwa na sukari nyeupe kwenye kiwiko na kisahani mkononi. Juu ya kisahani palikuwa na ua moja la waridi la sukari, petali nyembamba kama karatasi ya sigara.

"Mwalimu amesema nina mkono," akanong'ona, na aibu ya furaha ikampita usoni. "Halafu wale wanawake, baba, usiwadharau. Yule mke wa mtu wa matairi anasema mumewe hajui hata kuwasha kompyuta. Yeye ndiye anamfungulia barua, yeye ndiye anamjibia. Ripoti zote zinatoka kwake."

Nikaitazama sahani yangu.

"Umesema?" akauliza.

"Nimesema."

"Wakasemaje?"

"Walipiga makofi."

Hapo hakuna hata neno moja la uongo. Ukitaka kuniweka kizimbani utanikuta msafi, na usafi huo ndio unaoniwasha mpaka leo.

Shangazi akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu siku ya waraka. Akakaa. "Basi Mungu akuweke. Nikuombe radhi kabisa. Nilikuwa nikijiambia, huyu mtoto mdomo wake ni wa kuchekesha tu, siku ya kazi utafunga." Akanisogezea kisahani. "Kula. Nimelitengeneza kwa saa nzima."

Nikasema nimeshiba. Akasema kula. Nikalila. Sijui mtu anawezaje kukabwa na sukari, ila mimi nilikabwa, na yeye akanipiga mgongoni polepole akisema ndiyo maana nimekwambia tangu utotoni utafune.

Akachukua simu, akampigia dereva mkongwe kule bohari. "Waambie wenzako kimebaki. Ndiyo. Profesa amesema, wamempigia makofi. Nusu ni wewe mwenyewe, mwache mtoto wa watu."

Mchana tukaingia wote ukumbini, wenye kamba za buluu na wenye kamba za waridi pamoja. Tulikaa safu ya tano. Taa zikapunguzwa, muziki ukapigwa, na kwenye skrini pana kama ukuta wa nyumba yakatokea maneno "Tunavyoviaga". Wakaanza kuonyesha picha za zile karatasi, moja baada ya nyingine, kila moja na stika zake, na watu wakipunga mikono kwa utani kama wanaaga meli.

Nilipokumbuka kwamba stika zina majina, tulikuwa kwenye picha ya nne. Nikafikiria kuzimia. Nikafikiria kumwambia Shangazi kwamba choo kizuri kipo nje. Picha ya tano. Ya sita. Kisha ya saba, na katikati yake, kubwa kama gurudumu la lori, kwa mwandiko wangu wa ghafla: jina la kampuni yetu.

Shangazi akavaa miwani.

Kuna watu wakikasirika hupandisha sauti. Natamani angekuwa mmoja wao. Akatazama skrini mpaka picha ikabadilika, akaendelea kuitazama iliyofuata ambayo haikumhusu, kisha akaniuliza, bila kunigeukia:

"Makofi yalikuwa ya nini?"

"Shangazi, walikuwa wananiangalia."

"Na mimi nimekuangalia tangu unanyonya. Mbona hujawahi kunitii hivyo?"

Nikaanza kueleza habari ya fomu, ya kiti cha kuzunguka, ya mtu wa matairi. Maelezo yangu yalikuwa mengi na hayakuwa na kisanduku. Akayakata kwa kidole.

"Niambie kitu kimoja. Mwakani, mvua inanyesha, dereva amefika ile zahanati ya ngazi na mitungi sita. Mimi niko nyumbani nimelala zangu. Atampigia nani?"

"Atanipigia mimi."

"Nawe utamuuliza nani?"

Jukwaani Bwana Stika alikuwa anauliza kama kuna swali kabla hawajaendelea. Shangazi akakishika kifundo cha mkono wangu, akakiinua juu, kama refa wa ndondi anavyoinua mkono wa mshindi. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nimeshapigwa.

"Shangazi, sema wewe. Wewe unakijua."

"Stika ni ya nani?" akasema. "Simama."

Kipaza sauti kikanifikia. Bwana Stika akanitambua, akatabasamu. "Ndiyo, mkurugenzi!"

"Si mkurugenzi," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika nane kwa wakati mmoja, ikaniogopesha. "Mimi ni msaidizi wa karani. Karani ni huyu hapa mwenye kamba ya waridi, aliyekuwa anapamba keki. Fomu yenu haikuwa na nafasi yake, nami sikuwa na adabu. Ile stika ya katikati kwenye karatasi ya saba ni yangu. Naomba niibandue."

Ukumbi ukacheka. Safu ya mbele nikaona mabega ya mkurugenzi wa matairi yakitikisika, na kando yake mkewe hacheki.

"Kura imeshahesabiwa," akasema Bwana Stika kwa upole. "Na hata ukibandua yako, zinabaki kumi na moja."

Hesabu ilikuwa sahihi. Hapo ningeweza kukaa, nimeshatubu, nimeshaaibika, nirudi nyumbani na dhamiri iliyofuliwa. Nikamtazama Shangazi. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anaondoa sukari kwenye kiwiko kwa ukucha, chembe moja moja.

"Basi nipeni dakika mbili niwaonyeshe," nikasema. "Mnakifuta kitu ambacho hamjakisoma."

Mama mmoja mwembamba aliyekaa mbele kabisa, ambaye baadaye nilijua ndiye mkuu wa kampuni ya programu, akainua kidole tu. Bwana Stika akasogea. Nikapanda jukwaani, nikaingia kwenye mfumo wetu kwa kompyuta yao, nikakosea nywila mara mbili mbele ya watu mia nne, ya tatu ikakubali. Nikafungua mteja kwa namba, jina nikalificha, nikashuka mpaka chini. Nikasoma.

"Mlango wa mbele ni wa wagonjwa na wageni rasmi. Mitungi ipite nyuma, karibu na chumba cha kufulia. Mlinzi ni mtu mwema ila sikio la kushoto halisikii, pigeni honi mara mbili na msimkasirikie." Mwingine: "Lifti hufa ikinyesha. Siku ya mvua nendeni watu wanne, si wawili." Mwingine: "Wataomba kumi. Wana kivuli cha kuhifadhia sita tu. Pelekeni sita, mrudi kesho na minne, msiwaaibishe mbele ya daktari."

Walikuwa wanacheka, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika. Hakikuwa tena cha kunicheka mimi. Nikafungua mwingine.

"Dada wa zamu ya mchana akisema haina haraka, ina haraka. Ni mtu wa haya. Anzeni na yeye."

Hapo ukumbi ukanyamaza. Nadhani kila mtu alikuwa na dada wake wa zamu anayemjua.

"Onyesha mmoja zaidi," akasema yule mama wa mbele.

Ningeshuka hapo ningekuwa shujaa. Lakini mimi nikizionja sifa kidogo hunilewesha, nikataka kuonyesha ufundi. Nikabonyeza mteja namba sifuri, ambaye si hospitali. Ni bohari yetu wenyewe, tulimfungua zamani kwa majaribio. Nilijua kwenye kisanduku chake hakuna kitu. Nilitaka kuonyesha kisanduku kitupu kinafananaje.

Hakikuwa kitupu. Herufi zikajaa skrini nzima, nami nilikuwa nimeshaanza kusoma kwa sauti kabla macho hayajaupata mdomo.

"Kwa madereva, nitakapokuwa nimeondoka. Atakayekaa hapa ni mtoto wa kaka yangu. Msimwogope, hata yeye mwenyewe anajiogopa. Anajua kuliko anavyofanya, na anasema kuliko anavyojua. Akiwaambia hakuna shida, muulizeni mara ya pili. Ikifika saa tano hajanywa chai hana faida, mpeni chai. Akichekesha sana mjue kuna jambo amekosea. Mpeni muda, atalisema mwenyewe..."

Nikaishia hapo. Nilitafuta kitufe cha kufunga. Niliwaambia nusu yangu ya stashahada haikufika kwenye kuzima, mkadhani natania. Mia nne wakamalizia kusoma wenyewe, kimya kimya, mistari miwili ya mwisho:

"Moyo wake ni mzuri. Msimwambie."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na sikuwa na pa kukaa kukisubiri kiishe. Nilisimama kama mtungi.

Yule mama mkuu akageuka kwenye kiti chake akamtafuta Shangazi. "Mama, haya yote umeandika wewe?"

"Mimi ni msindikizaji tu," akasema Shangazi. "Muulizeni mkurugenzi."

Aliyeanza kupiga makofi alikuwa mke wa mtu wa matairi. Mumewe akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akafuata, kwani nadhani hata hilo mkewe ndiye humfungulia.

Msidhani tulishinda kama kwenye mpira. Yule mama mkuu alisema kisanduku hakitaondolewa kwenye toleo hili. Kitabaki kwa zile kampuni tisa mpaka mwisho wa mwaka ujao, na baada ya hapo watatazama upya. "Siahidi zaidi ya hapo," akasema, na nikamheshimu, kwa maana siku ile nilikuwa nimeahidi kuliko wote.

Tulitoka nje bado kuna jua kali. Shangazi alitembea mbele, mimi nyuma na mifuko miwili ya zawadi: kalamu, chupa za maji, daftari zisizo na mistari. Nikasubiri matusi. Tulivuka barabara mbili.

"Maandishi yale," nikasema mwishowe, "uliyaandika lini?"

"Yapi?"

"Ya namba sifuri."

"Sikumbuki. Mimi naandika mambo mengi." Akasimama kivulini kwenye ukuta wa duka la vioo, akavua ile beji ya waridi, akaikunja kamba yake vizuri, akaitia mkobani. "Mwisho wa mwaka ujao, amesema?"

"Mwisho wa mwaka ujao."

"Mimi nimebakiza miezi minne. Na hospitali ni mia tatu na kumi na mbili." Alikuwa anahesabu, nikaona midomo inatembea. "Kila siku mbilimbili, tatutatu. Utakwenda zote kwa miguu yako. Wakikifuta baadaye, wakute umeshakihamishia kichwani. Kichwa chako kina nafasi, hilo nimeliona leo."

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa nimepakiwa kwenye lori katikati ya dereva na mzigo. Nimepanda ngazi ambazo sikujua zipo duniani. Nimemsalimia mlinzi kwa sikio la kulia. Hospitali zimeanza kulalamika, maana sasa zinanifahamu.

Wiki iliyopita ikafunguliwa zahanati mpya, ya mia tatu na kumi na tatu, ambayo Shangazi hajaifikia wala hajaiandikia kitu. "Hii yako," akaniambia. Nikaenda, nikarudi, nikakaa mbele ya kisanduku kitupu nikakijaza ukurasa mzima: jinsi nilivyopokelewa, utani nilioutoa getini, mganga mkuu alivyocheka. Shangazi akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho.

"Umeandika habari zako," akasema. "Zahanati iko wapi hapa?" Akafuta yote kwa kidole kimoja.

Nikarudi na lori la mchana. Safari hii nilinyamaza, nikatazama. Niliporejea nikaandika mstari mmoja: "Ngazi kumi na nne. Ya tisa imelegea, mwenye mzigo asiikanyage."

Akasoma. Akasoma tena. Nikaona kidole chake kinaelekea kwenye kitufe cha kuhifadhi, nikaanza kutabasamu.

"Ya tisa kutoka juu," akauliza, "au kutoka chini?"

Lori lilikuwa limeshazimwa. Nikaenda kumwomba dereva aliwashe tena.